Madirisha Yanayofunguka kwa Ndani

Tangu nimewaachia karakana, vijana wangu, kila anayepita kunisalimia ananiuliza swali lilelile: yale mapambo ya madirisha nilikuwa nayatoa wapi. Mnadhani kuna kitabu nimekificha. Kitabu hakipo. Simu zenu zina picha za mageti ya dunia nzima, na bado mnakuja kwangu mimi, mtu ambaye macho yake hayaoni tena mstari wa chaki juu ya chuma. Basi nimeazima miwani ya mke wangu, nimekaa, naandika. Nitaanzia nilikoanzia mimi.

Nilifika Palma nikitokea Diaca kwa wazazi wangu, wakulima, na chuma pekee nilichokuwa nimekizoea ni jembe. Nyuma ya soko kulikuwa na fundi mmoja aliyevuka mpaka kutoka Mtwara na mashine yake ya kuchomelea, Fundi Selemani. Alikuwa mfupi, mwenye hasira za karibu, na hakupenda kuulizwa kitu mara mbili. Nilimwomba kazi. Hakunipa nyundo wala fagio. Aliniambia, "Nenda katembee. Ukirudi uniambie umeona nini kinachoweza kukunjwa."

Nikazunguka sokoni mpaka adhuhuri, nikarudi nikamwambia nimeona samaki.

"Samaki wa wapi anakunjwa?" akaniuliza, akaendelea na kazi yake.

Siku iliyofuata nilikaa karibu na wanawake waliokuwa wakisukana nywele. Niliona namna misuko inavyotoka utosini, inatawanyika, kisha inakutana tena kisogoni. Nikaja nikaichora kwa msumari kwenye mchanga wa karakana. Fundi Selemani akasimama juu yake, akafuta nusu kwa mguu.

"Chuma hakina nywele nyingi hivyo," akasema. "Hii iliyobaki, ichore tena kesho kama utaikumbuka."

Niliikumbuka. Lile likawa dirisha langu la kwanza, na lipo mpaka leo kwenye nyumba moja upande wa ghuba ya Tungue, ingawa mwenyewe amelipaka rangi ya kijani ambayo sikumshauri.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Alikataza jambo moja tu: kuiga geti la mtu mwingine. Kila kitu kingine kilikuwa halali. Mchanga maji yakishatoka, jinsi unavyobaki na mistari. Wavu ulioshonwa pale ulipotoboka, ambapo matundu hayalingani tena na yale ya zamani. Ganda la stafeli. Kivuli cha baiskeli ukutani jua likiwa chini. Alikuwa akisema kwamba mtu asiyeona kitu kati ya nyumbani kwake na kazini atafute kazi ya kulala.

Mara moja tulitengeneza geti la haji mmoja, tukaweka tausi wawili wanaotazamana. Haji akaja, akawaangalia, akasema hawezi kuingia nyumbani kwake kila siku akipita katikati ya ndege wenye macho. Fundi Selemani alinuna wiki nzima. Mimi nikaenda kwa shangazi yangu aliyekuwa akisuka ukili wa mikeka, nikamtazama vidole, namna kila jani linavyopita juu ya mwenzake kisha linazama. Tausi wakatoka, ukili ukaingia. Haji alifurahi. Fundi akasema tu kwamba tausi walikuwa wazuri zaidi.

Nina jambo jingine la kuwaeleza kuhusu kazi yake, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Nondo zilikuwa zinakuja kwa shida kutoka ng'ambo, na Fundi Selemani hakuwa mtu wa kutupa kipande. Nondo ikiwa fupi, aliiunga na nyingine katikati ya dirisha, kisha juu ya kiungo akabandika ua la chuma bapa. Ndiyo maana madirisha yake yote yana mstari wa maua katikati. Watu walidhani anapenda maua.

Alifariki kwa homa, akaniachia mashine. Baadaye ikaja kazi ya gesi, wakaja wageni, nyumba za saruji zikaota kila bairo, kila mtaa, na kila mwenye nyumba alitaka chuma madirishani. Kisha zikaanza kuja habari kutoka kusini, za watu wenye bunduki wanaochoma na kuua. Kwanza vijiji, halafu mji wa Mosimboa wenyewe. Ndugu zangu wa Diaca walifika kwangu kwa miguu na vifurushi kichwani. Hofu ilipopanda, watu walitaka nondo nene zaidi. Niliwatengenezea. Kila mmoja alikuwa anaogopa kinachotoka nje kuingia ndani, na mimi pia.

Siku waliyoingia mjini nilikuwa nyumbani kwa Bi Mwanasha.

Bi Mwanasha ni fundi cherehani, mjane, mnamfahamu. Nyumba yake ilikuwa karibu na barabara, ya saruji, mlango ukitazama njiani. Mlango wa nyuma aliuziba kwa matofali baada ya kuibiwa cherehani. Aliniita nikapime varanda. Ndani walikuwamo yeye, mama yake mzazi Bibi Anshura ambaye miguu ilikuwa imeshachoka, na binti yake Zaina, mwenye mimba ya siku za mwisho. Mume wa Zaina alikuwa safarini Mtwara.

Nilikuwa nimeinama na kamba ya kupimia tuliposikia milio. Mwanzoni tulidhani ni mbali. Kisha watu wakaanza kukimbia barabarani bila kusema kitu, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba hawakuwa wakipiga kelele. Bi Mwanasha akanivuta ndani kwa shati, akafunga mlango, akasukuma meza ya cherehani nyuma yake.

"Kaka Momadi, kwa mbele hakutokeki," akasema.

"Kwa nyuma je?"

Akanivuta huko. Kwa nyuma palikuwa na chumba cha kulala na dirisha moja linalotazama minazi, na baada ya minazi kuna mikoko. Dirisha lile lilikuwa kazi ya Fundi Selemani. Nililijua. Nilikuwa nimemshikia taa siku analipachika, na miguu ya fremu tuliizika ukutani sote wawili kwa saruji tuliyoichanganya vizuri mno.

Kikapuni nilikuwa na nyundo, tindo na msumeno wa chuma wenye meno yaliyokwisha. Kukata nondo nzima kwa msumeno ule kungetuchukua mpaka jua lizame. Nikaweka kidole juu ya ua la kwanza. Chini ya ua kuna kiungo, na kiungo cha Fundi Selemani ni donge la kuchomelea lililolainishwa kwa tupa. Donge likipigwa tindo mahali pake, hupasuka. Lakini nyundo juu ya tindo inasikika mtaa mzima, na mtaani walikuwamo.

Zaina alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono chini ya tumbo. Akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, wakipiga wao, piga na wewe."

Nikasubiri. Ilipolia bunduki barabarani, nikapiga. Ikanyamaza, nikanyamaza. Ikalia tena, nikapiga tena. Sijawahi kufanya kazi kwa kufuata mikono ya mtu mwingine namna ile, na sitaki mmoja wenu aje aifanye. Jasho lilikuwa linaingia machoni na sikuthubutu kupangusa, nisije nikachelewa. Ua la kwanza likang'oka, kiungo kikapasuka. Bi Mwanasha akaleta mchi wa kinu. Tukauingiza kati ya nondo na ukingo wa dirisha, tukasukuma sote wawili, nusu ya chini ya nondo ikainama kuelekea nje kidogokidogo. Nusu ya juu ikafuata. Tukafanya vivyo hivyo kwa nondo ya pili.

Pakapatikana nafasi ya mtu mwembamba. Zaina akasimama, akajipima kwa ubavu, akarudi kukaa.

"Bado," akasema.

Nikaweka tindo kwenye ua la tatu, nikasubiri mlio. Haukuja. Barabarani kulikuwa kimya. Kisha tukasikia hatua kwenye varanda.

Mtu alipanda ngazi, akasimama. Kutoka chumbani tulikiona kivuli chake chini ya mlango wa mbele, kikakata ule mwanga mwembamba. Bibi Anshura, aliyekuwa kitandani, alianza kusoma kimoyomoyo, midomo ikicheza bila sauti. Kitasa kikazungushwa mara moja, polepole. Bi Mwanasha alikuwa bado ameshika mchi, na nilimwona anaunyanyua. Sijui angefanya nini nao. Mimi nilikuwa nimeshikilia ua la chuma dhidi ya nondo kwa kiganja lisije likadondoka, maana lilikuwa limeshalegea.

Hatua zikashuka. Mpaka leo hatujui alikuwa nani. Huenda alikuwa jirani anatafuta pa kujificha. Hilo huwa naliwaza.

Tulipokosa milio ya kutusaidia, nilichukua msumeno. Bi Mwanasha akamimina mafuta ya nazi kwenye nondo, akakunja kapulana yake ya kujifunga juu yake, nikakata chini ya kitambaa, pale kwenye kiungo ambapo donge lilikuwa na tundu dogo. Fundi Selemani angeona aibu kwa tundu lile. Mimi nililishukuru. Ilikatika. Mchi ukafanya kazi yake.

Bibi Anshura alikataa kutoka.

"Niacheni mimi," akasema. "Nyumba haiwezi kuachwa tupu."

"Mama, ukibaki nabaki," Bi Mwanasha akamjibu. "Na mimi nikibaki, Zaina hatoki. Basi tubaki wote tukulindie nyumba yako?"

Bibi akamtazama mjukuu wake, akanyoosha mikono abebwe. Tukautandika mkeka juu ya ncha za nondo, tukamtelezesha juu yake. Bi Mwanasha alitangulia nje kumpokea. Zaina alitoka kinyumenyume, nimemshika mikono, na pale katikati tumbo lilikwama. Hakulia. Alitoa pumzi yote, akabaki amefumba macho, nami nikamsukuma bega taratibu mpaka akapita. Ncha ya nondo ilimchora mstari ubavuni, alama anayo. Mimi nikatoka mwisho.

Tulikaa mikokoni maji yakipanda mpaka magotini, tukiona moshi. Milio ilipotulia tukaanza kutembea kuelekea Kiyonga, Bibi Anshura mgongoni kwangu, halafu mgongoni kwa watu wengine tuliokutana nao njiani ambao sikuwahi kuwajua majina. Zaina alijifungulia Kiyonga kwa jamaa zao. Mtoto wa kike, mzima. Mke wangu na wanangu niliwakuta hukohuko siku kadhaa baadaye. Sitaeleza nilivyokuwa kabla ya kuwaona.

Tuliporudi Palma, karakana ilikuwa imeungua paa. Mashine ilikuwapo, nyaya zimeyeyuka. Nilipita nyumba ya jirani wa Bi Mwanasha, mtu wa dukani, aliyekuwa na mke na watoto. Kuta zilikuwa nyeusi, paa hakuna. Madirisha yalikuwapo. Chuma kile hakikuwa kazi yangu wala ya Fundi Selemani, kililetwa tayari kutoka Pemba, ule mji wa kusini kwetu, na hakikupinda hata kidogo. Jamaa wale hawakutoka. Nilisimama pale nikakumbuka wateja wangu mmoja mmoja, na kila dirisha nililolipachika, na nani analala nyuma yake.

Mnaweza kudhani watu waliorudi walichukia chuma. Ilikuwa kinyume. Kila aliyepata mabati alikuja kwangu kutaka dirisha, nene kuliko la zamani. Nikawaambia sitengenezi tena dirisha lisilofunguka. Wakaniuliza, likifunguka lina faida gani? Na kazi nilikuwa naihitaji.

Nikajaribu bawaba na kufuli. Bi Mwanasha akaniuliza ufunguo utakaa wapi. Nikasema juu ya msumari, karibu na dirisha. Akasema mwizi ana mkono. Nikasema basi ndani ya kabati. Akasema, "Siku ile, kaka Momadi, ungelikumbuka kabati?" Nikajaribu komeo la kawaida. Mwanangu akaingiza waya kutoka nje akalifungua huku akila muhogo.

Nikawa natembea. Ndilo nililofundishwa. Lakini kutembea Palma siku zile hakukuwa kama zamani. Kila mtu alikuwa akiangalia nyuma, tropa, askari wa serikali, walikuwa kwenye kona, na mimi nikisimama kutazama kitu kwa muda, mtu alikuwa ananiuliza natazama nini. Mara moja askari kijana wa kutoka mbali alinikuta nimechuchumaa nachora mistari ya mchanga kwa kidole. Akataka kujua ni ramani ya wapi. Nilimwambia ni dirisha. Akaita mwenzake anayejua lugha yetu, nikaeleza tena, wakaniweka juani nikiwa nimepiga magoti, mikono kichwani, wakati wao wakijadiliana kama mchanga unaweza kuwa dirisha. Mwisho yule mwenzake alikanyaga mchoro wangu, akasema niende nyumbani. Nilikwenda. Niliendelea kutazama, lakini nilijifunza kutazama huku natembea.

Jibu nililipata barazani kwa Bi Mwanasha, nimekaa tu. Zaina alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa kapulana, anatwanga. Mtoto alikuwa na nguvu, anarusha miguu, anajisukuma nyuma kwa mgongo wote. Kadiri alivyosukuma, fundo kifuani kwa mama yake lilizidi kukaza. Kisha Zaina akachoka, akaweka mchi chini, akasukuma ncha ya fundo kwa dole gumba kutoka chini kwenda juu, na kapulana ikaachia yote kwa mara moja, mtoto akateleza mkononi.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini, mjomba?"

"Hilo fundo. Mfunge tena, umfungue."

Akamtazama mama yake kama kumwuliza kama nina homa. Alimfunga, akamfungua. Nikamwomba tena. Mtoto alikasirika kabla ya sisi wengine.

Nilikwenda moja kwa moja karakanani. Nikatengeneza ulimi wa chuma unaolala nyuma ya bapa lililokunjwa, ukishikwa na uzito wake mwenyewe. Ukivuta dirisha kutoka nje, ulimi unajibana zaidi. Ukiwa ndani, unausukuma kwa dole gumba kutoka chini, unanyanyuka, dirisha linafunguka lote kwa nje. Ilibaki mwizi asiuone, na mkono wake usiufikie. Hapo ndipo ile mistari ya mchanga ilipokuja. Mistari ya mchanga haina mahali inapoanzia. Niliipitisha juu ya bawaba na juu ya mwanya wa kufungukia, ikawa mtu wa nje haoni wapi dirisha linakatika, na pale kwenye ulimi niliisogeza karibukaribu, kiganja kisipite.

La kwanza nilimpachikia Bi Mwanasha, chumba kilekile. Shemeji yake alikuja na mtaimbo akajitahidi asubuhi yote, akaondoka amechubuka. Lakini Zaina alikataa kuingia chumbani. Tangu arudi alikuwa analala barazani na mtoto, mvua au kiangazi.

"Mimi silali nyuma ya chuma," akasema.

"Kinafunguka, Zaina."

"Kinafunguka ukiwa umesimama hapa umetulia. Ingia wewe. Tukufungie mlango. Halafu mimi nigonge."

Niliingia. Wakafunga mlango wa chumba, wakaweka kitu kizito nyuma yake. Niliwaza ni mchezo. Kisha Zaina akaanza kugonga ule mlango kwa mchi, kwa nguvu, bila mpango, na mimi niliyelitengeneza lile dirisha kwa mikono yangu nikasahau ulimi uko wapi. Niliinua mkono juu, nikapapasa mistari, sikuupata. Kiganja kilikuwa kimelowa. Nilisikia sauti yangu mwenyewe inamwomba aache. Alipoacha na kufungua mlango, alinikuta nimeshika nondo kwa mikono miwili kama mfungwa.

Hakunicheka. Alisema, "Mkono wa mtu aliyeogopa hauendi juu, mjomba. Unakwenda hapa." Akaweka kiganja chake ubavuni mwangu, usawa wa kiuno.

Niliung'oa ulimi, nikaushusha kiunoni, upande wa kulia wa anayetazama nje, na kutoka siku ile kila dirisha langu limekuwa hivyo, upande uleule, kimo kilekile. Hamruhusiwi kuuhamisha ili mchoro upendeze. Mchoro ndio utakaohama. Zaina alinifungia tena. Safari hii nilitoka, nikaangukia kwenye majani ya muhogo. Jioni ile aliingiza mkeka wake ndani.

Kuwashawishi wengine kulichukua muda. Mwenye duka mmoja alinifukuza akidai nimetumwa na wezi. Nilimwalika aje na wezi anaowajua. Watu walianza kunielewa pale nilipoacha kuwaeleza na kuwafanya waingie ndani, nikafunga mlango, nikagonga. Kuna watu wazima waliotoka wakilia. Mke wa mwalimu mmoja alitoka akaniambia nifanye madirisha yote, hata la choo.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa chumba cha kushonea cha Bi Mwanasha, pale anapofundisha wanawake waliohamia kutoka vijijini. Ni chumba kirefu chenye mlango mmoja, basi niliweka madirisha ya kufunguka upande wote wa nyuma. Mchoro niliutoa kwao wenyewe, mshono wa zigizaga wa cherehani, unaokwenda na kurudi. Macho yalikuwa yameshaanza kunisaliti. Mishono mingine haikulingana, na wanawake waliiona kabla yangu.

Siku moja baada ya swala ya alasiri, uvumi ulipita sokoni kwamba wamerudi. Mnakumbuka wenyewe, mlitupa vifaa mkakimbia, nami sikuwalaumu. Soko lilitawanyika papo hapo. Mimi nilikimbilia chumba cha kushonea. Kwa umri wangu kukimbia ni neno kubwa, lakini nilikwenda. Nilikuta mlango wa mbele umefungwa kwa ndani. Niliita. Hakuna aliyejibu. Nikaweka sikio kwenye ubao, nikasikia cherehani moja inazunguka yenyewe taratibu, gurudumu halijasimama.

Nilizunguka nyumba nikishika ukuta. Kwa nyuma, madirisha yote yalikuwa wazi, yamening'inia nje kwenye bawaba zake. Ndani hakukuwa na mtu. Nguo ilikuwa nusu chini ya sindano, viatu vya watu vimeachwa sakafuni. Kwenye mchanga kulikuwa na nyayo nyingi zinazokwenda upande wa minazi.

Nilikaa chini palepale nikasubiri. Uvumi ulikuwa wa uongo. Lori fulani lilipasukiwa na gurudumu barabarani, ndiyo hayo tu. Jua lilipoanza kulegea walirudi kutoka mikokoni, wamelowa, wengine wanacheka namna ya watu ambao bado hawajaamini, Bi Mwanasha mbele akiwahesabu kwa macho. Hakuna aliyekosekana. Zaina alikuja mwisho, mtoto mkononi, gauni limechanika kutoka kiunoni hadi chini.

"Shikamoo, mjomba," akasema. "Dirisha lako limenichania gauni."

"Lipi?"

Akanionyesha. Kwenye kona ya zigizaga, palepale mtu anapopitisha nyonga akitoka, palikuwa na ncha niliyoshindwa kuiona wakati wa kulainisha. Niliipapasa, ikanikwaruza kidole. Nikamwomba Bi Mwanasha kiti. Nikatoa tupa mfukoni, nikainama karibu kabisa na chuma, nikaanza kusugua, na wanawake wakaingia ndani kupitia madirisha, mmoja mmoja, wakarudi kwenye cherehani zao.